Stoo Yenye Kufuli Mbili

Mwanangu wa kwanza alianza darasa la kwanza Januari 2017 katika shule ya msingi ya serikali iliyo kando ya reli ya kati, mkoani Morogoro. Wiki hiyohiyo nilimkabidhi mwalimu wa darasa shilingi 10,000 za uji, naye akanipa kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa jina la mtoto na neno moja, "amelipa". Sikuona ajabu yoyote. Mimi ni wakala wa fedha kwa simu, na kila siku napokea na kutoa fedha za watu huku kila muamala ukiacha ujumbe, namba na saa. Lakini lilipokuja suala la uji wa mwanangu nilikubali kipande cha karatasi, kwa sababu aliyenipa alikuwa mwalimu.

Uji uliisha mwezi Julai. Watoto walianza kurudi nyumbani saa nane wakiwa hawajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na mkutano wa wazazi ukaitishwa chini ya mwembe. Mwalimu mkuu alisimama, akasoma hesabu bila kuficha chochote: waliolipa walikuwa wazazi 380, makusanyo yalikuwa shilingi 3,800,000, na sehemu kubwa ilikuwa imenunua unga na sukari. Sehemu iliyobaki ilikuwa imelipa fotokopi za mitihani ya majaribio ya darasa la saba na mshahara wa mlinzi wa miezi mitatu. Mzee mmoja aliyekaa mbele aliinua mkono, akauliza kwa utulivu, "Mwalimu, uji umegeukaje karatasi?" Baada ya swali hilo utulivu ulikwisha, na mkutano ukavunjika bila kufunga ajenda.

Ilinichukua miaka kadhaa kumtendea haki mwalimu yule moyoni mwangu. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 ndizo zinazofika shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yetu ilikuwa na wanafunzi 640. Ukizidisha unapata shilingi 3,840,000 kwa mwaka, yaani 320,000 kwa mwezi, na humo kuna chaki, karatasi, ukarabati, mitihani, na safari za mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Wakati huohuo, Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulikwisha kutamka kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Kwa hiyo mwalimu mkuu alikuwa na mfuko wa serikali usiotosha na mfuko wa wazazi uliojaa kidogo, vyote viwili mezani pake, na mitihani ya darasa la saba ilikuwa imekaribia. Hakuiba. Kosa lake ni kwamba hakumuuliza mtu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu ambaye alilazimika kumuuliza, hata yeye mwenyewe nadhani hakuliona kuwa kosa.

Januari 2018 Rais John Magufuli aliwakataza walimu kupokea mchango wowote, akaelekeza kwamba mzazi anayetaka kuchangia apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wazazi wengi tulishangilia. Lakini kutoka kwetu hadi ofisi ya mkurugenzi ni nauli ya kwenda na kurudi, na sikumwona mzazi hata mmoja aliyepanda basi akiwa na shilingi 10,000 za uji mkononi. Mwaka ule wote moto haukuwashwa kwenye jiko la shule. Walimu waliogopa kulitaja neno mchango hata katika mazungumzo, na sisi tulibaki na ushindi wetu, na watoto wenye njaa.

Mwanzoni mwa mwaka 2019, kwa idhini ya kamati ya shule na baada ya barua kupita kwa mtendaji wa kata hadi wilayani, wazazi tuliunda kamati yetu ya chakula. Nilichaguliwa kuwa mhazini, na sababu iliyotolewa mkutanoni ilikuwa kwamba Mama Wakala amezoea kushika fedha za watu. Tulikuwa na hasira ya mwaka 2017 bado, na kila tulichokipanga kilitokana na hasira hiyo. Tuliamua kwamba mwalimu asiguse kitu. Kila mtoto angeleta debe moja la mahindi na kilo tano za maharage baada ya mavuno ya Julai, pamoja na fedha kidogo ya mpishi, chumvi na mafuta. Mahindi yangewekwa katika stoo ya shule lakini ufunguo ungekaa kwetu. Fedha zingeingia kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Mwalimu mkuu alikuja kwenye kikao kile, akasikiliza, akasema tu, "Sawa, wazazi wangu, mimi nitapika mtakachonipa," kisha akaondoka kabla ya chai.

Mwanzo ulikuwa mzuri kiasi cha kutulevya. Tulipokea madebe 350, ambayo kwa mizani ya mnunuzi wa mazao yalikuwa kama kilo 6,300, yaani magunia 63. Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuifanya tulipokuwa tukitaja "debe moja" kwa mkazo mikutanoni. Debe la kilo 18, likigawanywa kwa siku 194 za masomo, linampa mtoto gramu 93 kwa siku. Kwa kuwa waliochangia walikuwa zaidi kidogo ya nusu na watoto wote walikula, sehemu halisi ilikuwa gramu 50 hivi. Tulipika gunia moja kila baada ya siku tatu. Wapo waliodai kwamba asiyechangia mtoto wake asile, na nakiri kwamba kikao cha kwanza mimi nilikuwa miongoni mwao, mpaka mpishi, bibi wa makamo ambaye hakuwa na kura kwenye kamati, aliposema kwamba yeye hatasimama na upawa akichagua watoto, tumtafute mpishi mwingine. Hatukumtafuta.

Sasa nifike kwenye mambo yangu mawili ambayo sikuyasema mkutanoni kwa muda mrefu.

La kwanza ni la fedha. Mwezi Novemba mwaka ule floti yangu dukani, yaani salio la kuhudumia wateja, iliisha siku ya gulio, wateja wamejaa mlangoni, na kwenye laini ile nyingine kulikuwa na shilingi 180,000 za mpishi. Nilizihamisha. Siku ya tatu nilizirudisha zote, mpishi akalipwa kwa tarehe yake, na hakuna aliyejua. Usiku nilipokuwa nikifunga daftari nilimkumbuka mwalimu mkuu na fotokopi zake. Nilikuwa nimefanya jambo lilelile alilolifanya yeye, tena yeye alikuwa na sababu bora kuliko yangu, kwa kuwa karatasi zake zilikwenda kwa watoto wetu na floti yangu ilikwenda kwa wateja wangu. Fedha ilikuwa karibu na mkono, dharura ilikuwa mlangoni, na hapakuwa na mtu wa pili ambaye ningepaswa kumwambia kabla.

La pili lilikuwa na gharama. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Stoo ilikuwa na magunia 16. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya duka langu. Wiki ya pili ya Aprili mwalimu mkuu alikuja dukani, akasimama mbali kama tulivyokuwa tukisimama siku zile, akasema, "Mama Wakala, shikamoo ya kazi. Naomba tufungue stoo tuanike mahindi, mvua zimezidi na nasikia harufu." Nilimjibu kwamba sina mamlaka ya kufungua bila mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti alikuwa shambani, ng'ambo ya mto, simu haipatikani. Jibu lile lilikuwa sahihi kwa kanuni zetu. Ukweli wake ni kwamba nilifurahi kumkatalia. Alirudi tena Mei, na safari ile nilimwambia asubiri shule zifunguliwe.

Shule za msingi zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Tulipofungua mlango tulikutana na vumbi jeupe sakafuni na mlio mdogo ndani ya magunia, mlio ambao kila mkulima wa ukanda huu anaujua. Alikuwa dumuzi, mdudu anayetafuna mahindi ghalani, mgeni hapa nchini. Aliingia kupitia Tabora miaka 40 iliyopita na zaidi, lakini kazi yake ni ya mwenyeji. Magunia tisa yalikuwa hayafai hata kwa kuku. Mwalimu mkuu hakusema neno. Alichukua fagio, akaanza kufagia, na mimi nikachukua fagio la pili.

Kikao cha Julai 2020 ndicho kilichobadilisha mambo, na hakikuwa cha maneno matamu. Kilichukua saa tano. Nilianza kwa kueleza habari ya dumuzi na jinsi nilivyokataa kufungua mara mbili, kisha nikaeleza ile ya floti, na kwa dakika kadhaa nilidhani ningefukuzwa. Badala yake mwalimu mkuu alisimama na kusema kwamba mwaka 2017 alitakiwa kutuita kabla ya kulipa fotokopi, na kwamba alikuwa ameogopa tungekataa. Mzee yule wa swali la karatasi akasema, "Tungekataa kweli," na watu wakacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia katika mikutano yetu.

Tulikubaliana mambo ambayo kwa macho ya nje ni madogo. Stoo itiwe kufuli mbili, moja ya shule na moja ya kamati, na mlango usifunguliwe bila watu wawili. Ufunguo wa kamati usikae kwa mtu mmoja mwenye duka lake na hasira zake. Anayeushika awe na wasaidizi wawili wanaoishi karibu, ili mwalimu asikose wa kumfungulia hata siku ya msiba. Fedha taslimu zote ziondoke kwenye laini yangu ziingie akaunti ya shule benki kwa stakabadhi, kwa sababu huko ndiko sheria inakozitaka, na sisi tulikuwa tumejidanganya kwamba kukwepa akaunti ni kujilinda. Hili lilikuwa gumu kwa wazazi. Mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, mzazi atakuwa na nguvu gani ikiwa fedha ipo kwenye akaunti ambayo yeye hatii saini. Jibu tulilolipata lilitoka kwa afisa elimu kata, na naliona mpaka leo kuwa ndilo lililotuokoa: hati ya malipo ya chakula isiandaliwe bila muhtasari wa kikao cha kamati ya chakula kuambatishwa, ukiwa umesainiwa na mwenyekiti na mhazini. Benki hawauhitaji muhtasari huo, lakini mkaguzi wa ndani wa halmashauri anapokuja huanza na faili, na faili lenye hati isiyo na muhtasari humtia mashaka aliyelifungua.

Mwalimu mkuu naye alikuwa na masharti yake. Alitaka mwanafunzi asiulizwe debe darasani na mtu yeyote, awe mwalimu au mzazi, kwa sababu huko nyuma watoto walikuwa wanaacha kuja shuleni kwa aibu na mahudhurio mabaya yaliandikwa kwa jina lake. Kazi ya kukusanya ilihamia kwa wenyeviti wa vitongoji, ambao wanajua ni nani amevuna na ni nani shamba lake lilichukuliwa na maji. Asiye na mahindi alileta kuni, au alikuja siku mbili kuchota maji. Bibi anayelea wajukuu watano hakuombwa kitu, na jina lake halikuandikwa popote, kwa kuwa orodha ya waliosamehewa ni njia nyingine ya kuwatangaza.

Kulikuwa na suala la walimu kula. Naliandika hapa kwa sababu ndilo lililokuwa likizungumzwa zaidi visimani kuliko hesabu zote nilizozitaja, ingawa halikuwahi kuandikwa kwenye muhtasari wowote. Walimu 11 walikuwa wakipakuliwa makande ya watoto, na wazazi waliona huo ni wizi, ilhali walimu waliona ni ukatili kumtaka mtu afundishe mpaka saa tisa akinusa chakula asichoruhusiwa kukionja. Lilimalizwa na mwalimu wa darasa la tatu, aliyekuja siku ya mapokezi ya mahindi na debe lake kichwani, akapanga foleni pamoja na wazazi na kutaka liandikwe. Wenzake wakafuata ndani ya wiki ile.

Kila Ijumaa ubaoni, nje ya ofisi, iliandikwa kwa chaki mistari mitatu: yaliyopokelewa, yaliyopikwa, yaliyobaki. Mahindi tuliyanunulia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, na dumuzi hatukumwona tena. Makusanyo ya mwaka ule yalikuwa madebe 410, na mwaka uliofuata 468. Siwezi kusema ongezeko lote lilitokana na ubao, kwa sababu mvua za mwaka wa pili zilikuwa nzuri, lakini nilisikia wanaume wakiusoma ubao ule kwa sauti walipokuwa wakipita kwenda mashine ya kusaga, na mmoja alinijia dukani kulalamika kwamba siku ya Jumatano yalipikwa makande mepesi kuliko yaliyoandikwa. Alikuwa sahihi; mizani ilikuwa imelegea.

Mapema mwaka 2022 mpango wetu ulipata mtihani wake. Kiongozi mmoja alitembelea shule, akakuta watoto wa darasa la pili wamekaa sakafuni, akaagiza madawati yapatikane ndani ya mwezi mmoja. Agizo lilikuwa jema. Fedha hazikutajwa. Mwalimu mkuu aliulizwa mbele ya watu shule ina kiasi gani benki, na akajibu kwamba ipo fedha ya chakula, shilingi 2,100,000. Aliambiwa aitumie, chakula kitafidiwa baadaye. Mwaka 2017 mwalimu huyuhuyu angeitikia na tungekuja kusikia Julai. Safari hii alisema, kwa adabu na akiwa ameinamisha kichwa kidogo, "Mheshimiwa, fedha hiyo siwezi kuiandikia hati peke yangu. Inahitaji muhtasari wa wazazi, nami nitawaita Jumamosi."

Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani kufuli ya pili tumeiweka ili kumzuia yeye. Sikuwahi kufikiri kwamba mwalimu mkuu ndiye mtu anayesukumwa kuliko wote katika kata, na kwamba mtu mwenye mamlaka yote juu ya fedha hana namna ya kumkatalia aliye juu yake, kwa kuwa hana wa kumtaja. Alipoweza kusema "siwezi peke yangu", alikuwa amepata kwetu kitu ambacho cheo chake hakikuwahi kumpa. Jumamosi tulikaa. Hatukutoa fedha ya chakula hata shilingi, lakini wazazi wawili mafundi seremala walijitolea kazi, mwenye kiwanda cha mbao akatoa mabanzi kwa mkopo wa miezi mitatu, na madawati 23 yalipatikana. Yaliyotakiwa yalikuwa 60. Kiongozi hakufurahi, na mwalimu mkuu alipata barua ya kutakiwa kujieleza. Aliambatisha muhtasari wetu kwenye majibu yake. Suala likaishia hapo, ingawa yeye anaamini ndilo lililomchelewesha kupanda daraja, na sina la kumpinga.

Wapo wazazi wanaoniuliza, wakitoka shule nyingine, kama hatujachoka na vikao. Tumechoka. Kununua chumvi ya shilingi 4,000 kwa muhtasari ni upuuzi, na ilibidi turekebishe: chini ya shilingi 30,000 mwalimu wa chakula hununua na kuleta risiti Ijumaa. Kuna miezi kamati ilikuwa ni mimi na mwenyekiti tu, wengine wako mashambani, na saini zetu mbili zilikuwa za mazoea zaidi kuliko za kupima. Mwaka 2021 tulipitisha ununuzi wa maharage yenye mchanga kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyefungua gunia. Mwalimu alidhani kamati imeyaona, na kamati ilidhani mwalimu ameyaona. Watoto ndio waliotafuna mchanga huo kwa wiki mbili.

Mwanangu alimaliza darasa la saba mwaka 2023, na kwa kanuni zetu asiye na mtoto shuleni haketi kwenye kamati. Mwezi Desemba mwaka huohuo mwalimu mkuu naye alihamishwa, kwa hiyo makabidhiano yetu yaliangukia siku moja. Mwalimu mkuu mpya, mama mtu mzima aliyetoka wilaya nyingine, alisoma faili ofisini kwa muda mrefu, kisha akaomba twende stoo kabla hajasaini. Tulifungua kufuli mbili, tukahesabu. Daftari lilisema magunia 21 na madebe manne. Sakafuni kulikuwa na magunia 21 na madebe matatu. Tulihesabu tena, tukapima tena, tukamwita mpishi, tukamwita mlinzi, tukatazama nyuma ya mlango, na jua likafika utosini bila debe la nne kuonekana. Mwalimu mkuu wa zamani alisema pengine lilikosewa kuandikwa Oktoba. Mimi nilisema pengine. Mama yule alifungua daftari juu ya gunia, akaandika kwa wino mwekundu "pungufu debe moja", akatupa kalamu tutie saini wote wanne, kisha akaninyooshea mkono kupokea ufunguo, nami nikamwambia kwamba wangu haupokelewi na yeye, mwenye nao yuko njiani anakuja.